Je, Wajua? Nani Anakula Mafuta Mengi

Bujumbura tumeyazoea maswali ya mafuta. Lori lile linakula lita ngapi kufika Bugarama? Pikipiki ipi inabana matumizi? Foleni ya kituo imeanza saa ngapi? Wiki hii tunayauliza maswali hayohayo kuhusu viumbe: nani anachoma mengi, nani anabana, na nani anaweza kuzima injini akakaa miezi bila kujaza tangi. Tuanzie ufukweni, kwa jirani yetu mkubwa.

Je, wajua kwamba kiboko, ukilinganisha na mwili wake, ni mlaji mdogo? Jua likizama hupanda kutoka ziwani kuja kukata nyasi, na mpaka alfajiri huwa amekula kilo 40 hivi. Unasema ni nyingi? Mwenyewe ana tani moja na nusu. Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa huambiwa ampe mnyama wake majani mabichi yenye uzito wa sehemu ya kumi ya mwili wake, yaani ng'ombe wa kilo 500 apewe kilo 50. Ng'ombe mmoja, theluthi ya kiboko, anamshinda kwenye sahani! Siri ya kiboko ni uvivu wenye akili. Mchana kutwa yumo majini, maji yanambebea mwili, jua halimchomi, na wala hana safari. Ila ukikutana naye usiku barabarani, usidhani uvivu huo ni upole.

Je, wajua kwamba mamba anabana matumizi kuliko hata kiboko? Sisi tulio na damu moto tunachoma sehemu kubwa ya chakula ili mwili ubaki kwenye nyuzi 37 tu. Mamba hana gharama hiyo. Joto lake analiokota bure, juu ya mchanga, asubuhi. Mnyama wa damu moto mwenye uzito kama wake anahitaji nguvu mara 10 au zaidi. Ndiyo maana mamba mkubwa anaweza kukaa miezi mingi bila kugusa nyama na bado akawa na nguvu za kuruka kutoka majini.

Hapa huwezi kukwepa kumtaja Gustave, mamba wa Rusizi aliyepewa jina hilo na Patrice Faye, Mfaransa aliyeishi Burundi miaka mingi akimfuatilia. Walimtengenezea mtego mkubwa wa chuma, filamu ya kumsaka ikatoka mwaka 2004, yeye hakuingia. Urefu wake ulikadiriwa kwa macho kuwa mita 6, na uzito karibu tani moja. Tuuchukulie uzito huo ulivyo, tupige hesabu ya haraka: mnyama wa damu moto wa kilo 900 angehitaji kilokalori 11,000 na ushee kwa siku akiwa amelala tu. Mamba wa uzito huo anaweza kuishi kwa elfu moja hivi. (Kilokalori ndiyo ile iandikwayo kwenye pakiti za biskuti.) Mbuzi mmoja mzima kwake ni chakula cha wiki kadhaa. Aliyemtegea chambo huenda alimkuta ameshiba tangu mwezi uliopita.

Na chatu je? Yeye ana mtindo wa kuzima na kuwasha. Akiwa hajala, utumbo wake hunywea na kila kitu hushuka. Akimeza mawindo, mwili unawaka: kwa chatu wa Burma, aliyechunguzwa sana maabara, kasi ya kuchoma nguvu hupanda hadi mara 40 ya ile ya kupumzika, na moyo wenyewe hunenepa kwa asilimia 40 ndani ya siku mbili. Farasi anayekimbia mashindano ndiye anayefikia kiwango hicho. Chatu hukifikia akiwa amejilaza, anasaga chakula.

Je, wajua kwamba kilo moja ya mwili wako hutoa joto jingi kuliko kilo moja ya jua? Mtu wa kilo 60 aliyetulia hutoa joto la wati 73 hivi, sawa na balbu moja ya zile za zamani. Gawanya: ni zaidi ya wati 1 kwa kila kilo. Jua, ukiligawanya nguvu zake kwa uzito wake, halifikishi hata wati 0.0002 kwa kilo. Umelizidi zaidi ya mara 6,000. Linatushinda kwa ukubwa tu. Ukumbuke hilo utakapobanwa kwenye basi la saa kumi na moja jioni, watu 18 mahali pa 14: mmekaa na balbu 18 zinazowaka.

Je, wajua aliyegundua kwamba kupumua ni kuungua? Katika majira ya baridi ya 1782 kuingia 1783, huko Paris, Antoine Lavoisier na mwenzake Laplace walimfungia simbilisi (kobayi, wasemavyo wengi hapa, yule anayefugwa jikoni katika nyumba nyingi za Kivu) ndani ya chombo kilichozungukwa na barafu. Wakapima maji yaliyoyeyuka na hewa aliyotoa. Wakaona kwamba mnyama na makaa ya moto wanafanya kazi ya namna moja: wote wanatumia oksijeni, wanatoa hewa ya ukaa, wanatoa joto, ila mnyama anaungua polepole, bila mwali. Moto huo wa ndani ndio wataalamu wanauita metaboli. Lavoisier alikatwa kichwa Mei 1794, kwa sababu nyingine kabisa: alikuwa pia mkusanya kodi.

Fedha inayotumika mwilini inaitwa ATP. Ni molekuli iliyogunduliwa mwaka 1929 na Mjerumani Karl Lohmann, na mashine ndogo inayoitengeneza ndani ya chembe za mwili iliwapatia Paul Boyer na John Walker Tuzo ya Nobel mwaka 1997. Ajabu yake ni hii: wakati wowote ule mwilini mwako kuna gramu kidogo tu, lakini inatumika, inatengenezwa upya, inatumika tena, hivi kwamba kwa siku moja inayozungushwa hukaribia uzito wako mzima. Mama muuza ndagala hahitaji darasa la biolojia kulielewa hilo. Mtaji ni ndoo mbili, mzunguko ni kila siku.

Je, wajua kwa nini kirukanjia hufia njiani? Yule mnyama mdogo wa pua ndefu na harufu kali, anayefanana na panya wala si panya. Wazee wanasema akivuka njia hufa, na jina lake lenyewe linakwenda na habari hiyo. Wazee waliona sawasawa, maiti zake kweli huonekana njiani. Sababu moja ni harufu: paka humuua, akamnusa, akamwacha palepale. Sababu nyingine ni njaa. Mwili mdogo hupoteza joto upesi, kama kikombe kidogo cha chai kinavyopoa kabla ya birika. Hivyo kirukanjia anaishi kwa kukimbizana na chakula usiku na mchana, na saa chache bila mdudu wa kutafuna zinaweza kummaliza. Ndugu yake mdogo kuliko wote, anayeishi kuanzia nchi za Bahari ya Kati kwenda Asia, ana gramu 2 hivi, hula zaidi ya uzito wake kila siku, na moyo wake unaweza kupiga mara zaidi ya 1,000 kwa dakika. Wa tembo hupiga 30.

Hesabu ya tembo na panya iliandikwa na Mswisi Max Kleiber mwaka 1932, akiwa California. Alikuta kwamba mnyama akiongezeka uzito, matumizi yake hayaongezeki sawa na uzito, yanabaki nyuma. Kilo moja ya tembo inatumia takriban sehemu moja ya ishirini ya kile kinachotumiwa na kilo moja ya panya. Wanasayansi bado wanabishana kuhusu tarakimu kamili na sababu yake, lakini mkulima wa Burundi anaweza kuitumia kesho asubuhi. Chukua mbuzi 12 wa kilo 25 kila mmoja, na ng'ombe mmoja wa kilo 300. Uzito ni uleule. Kwa kanuni ya Kleiber, mbuzi hao wakiwa wamepumzika tu wanahitaji kilokalori 9,400 hivi kwa siku, ng'ombe 5,000. Karibu mara mbili! Mbuzi nao wana faida zao: wanazaa haraka, na ukipatwa na shida huuzi kundi zima. Lakini asikudanganye mtu kwamba mbuzi wadogo wanakula kidogo.

Je, wajua kwamba ng'ombe hucheua sehemu ya chakula chako cha kesho ikapotea hewani? Vijidudu vilivyo tumboni mwake vinavyosaga majani hutoa gesi ya methani, naye huitoa kwa mdomo. Kwa kawaida asilimia 6 hivi ya nguvu yote aliyokula huondoka kwa njia hiyo, bila kuwa maziwa wala nyama. Nairobi, katika kituo cha Mazingira cha taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI, kuna vyumba maalumu vya kumfungia ng'ombe na kupima kila anachopumua. Lavoisier angevitambua mara moja. Barafu tu ndiyo imekosekana.

Samaki mwenye joto kuliko wote yuko Kenya. Ziwa Magadi lina chemchemi za maji ya magadi makali, yanayofika nyuzi 40 na zaidi, ambamo ungechukua sabuni ukafua nguo, siyo ukatupa ndoano. Humo anaishi perege mdogo wa aina yake. Mwaka 2016 watafiti walichapisha vipimo vyake: anachoma nguvu kwa kasi ya mamalia wa ukubwa wake, jambo ambalo halikuwahi kupimwa kwa samaki mwingine. Na taka ya mwili wake huitoa ikiwa urea, kama sisi, kwa sababu katika maji hayo amonia, ambayo samaki wengine huitoa tu, isingetoka mwilini.

Hapo ndipo tunapofika kwenye ziwa letu. Kwa kiumbe asiyejipasha mwenyewe, maji yakipata joto, moto wa ndani nao unapanda: kwa kila nyuzi 10, matumizi huwa mara mbili hadi tatu. Samaki anahitaji kula zaidi na kupumua zaidi, huku maji ya moto yakibeba oksijeni kidogo. Tanganyika ina kina cha mita 1,470, ya pili duniani baada ya Baikal, lakini ukishuka mita mia na kitu oksijeni inakwisha. Samaki wote wanaishi kwenye dari ya nyumba ndefu isiyokalika chini. Chakula cha vijani, mimea midogo ya majini inayowalisha samaki, kiko kule chini, na hupanda upepo unapokoroga ziwa. Maji ya juu yakiwa moto huwa mepesi, yanaelea, hayakorogeki. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake waliandika katika jarida la Nature kwamba uzalishaji wa vijani hivyo huenda umeshuka kwa asilimia 20 hivi, na kwamba hali hiyo ingeweza kupunguza samaki kwa asilimia 30 hivi. Ndagala ni mwili mdogo na maisha mafupi, mwaka mmoja hivi na amekwisha. Haweki akiba. Mwaka mbaya wa vijani unamfikia haraka, na kutoka kwake unamfikia mukeke anayemla, kisha bei ya sokoni. Wavuvi wetu wenyewe wanazo sababu nyingine, zikiwemo nyavu za macho madogo. Sikatai.

Je, wajua kwamba baridi ya milima ya Mugamba ilikuwa chanjo? Mbu hajipashi joto, na kimelea cha malaria anachokibeba kinakua kwa kasi ya joto la hewa. Kwenye nyuzi 25 kinahitaji siku 12 hivi kuwa tayari ndani ya mbu. Kwenye nyuzi 20, siku 28. Chini ya 16 hakikui kabisa. Mbu wengi hawafikishi mwezi, kwa hiyo milimani mbu alikufa kabla mzigo wake haujaiva. Digrii mbili tatu zinabadilisha hesabu yote. Kayanza, Ngozi na Karuzi walionja hali hiyo katika mlipuko mkubwa wa 2000 na 2001, na wakati huo dawa ya klorokwini nayo ilikuwa imeshachoka.

Kamongo ni jina la samaki, na pia ni jina la kitabu cha Kiingereza cha mwaka 1932. Mwandishi wake, Homer Smith wa New York, alikuwa bingwa wa figo aliyekuja Afrika Mashariki kumtafuta samaki huyu mwenye mapafu, anayeishi ziwa Nyanza (Victoria), Tanganyika na kwenye vinamasi. Kamongo akikaushwa kwenye tope hujifunga kama mtoto kwenye mbeleko, akaacha tundu dogo la hewa, akazima karibu kila kitu. Anaishi kwa kujila mwenyewe, nyama ya misuli yake. Wengine wamedumu hivyo maabara zaidi ya miaka 3. Ikinyesha, anaamka.

Fuko asiye na manyoya, wa nchi kavu za Kenya, Somalia na Ethiopia, naye ni bahili wa aina yake. Ni mamalia, lakini joto lake linafuata la shimo, na anaweza kupita miaka 30, umri ambao panya wa ukubwa wake hauoti. Mwaka 2017 jarida la Science lilichapisha jaribio la kutisha kidogo: alikaa dakika 18 bila oksijeni hata tone, akafufuka mzima. Moto wake unapokosa hewa, anahamia kwenye sukari ya matunda, ambayo inaweza kuchomwa bila oksijeni kupitia njia ambayo mimea huitumia. Wewe na mimi, dakika chache tu.

Ndege mdogo halali, huzimika. Chozi wa milimani, mwenye gramu 10 na ushee, hushusha joto la mwili usiku ili akiba yake ya asali ya maua ifike asubuhi. Pasa, wale wa mikia mirefu kama panya mnaowaona kwenye bustani zetu, hulala wameshikamana fungu moja, na asubuhi hunyoosha matumbo juani kabla ya kufanya lolote. Rekodi ni ya ndege mmoja wa milima ya Peru, anayefyonza maua kama chozi: mwili wake ulipimwa ukiwa nyuzi 3.3. Alipopata jua akaruka.

Tangi kubwa kuliko yote angani: Oktoba 2022 ndege wa ufukweni mwenye umri wa miezi mitano, aliyefungwa chombo cha kumfuatilia, alitoka Alaska akatua Tasmania. Kilomita 13,560, siku 11, bila kutua, bila kula, bila kunywa. Kabla ya safari hiyo ndege hawa hujaza mafuta mwilini, na viungo vya kusagia chakula vikanywea, maana abiria asiye na kazi ni mzigo. Ukienda delta ya Rusizi miezi ya wageni kutoka Ulaya, mtazame mbayuwayu vizuri. Naye amelipa nauli kwa namna hiyohiyo, ila anatua njiani.

Je, wajua kinachoendelea kwa mfungaji wa Buyenzi saa tisa alasiri? Sisi tuko nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, hivyo saumu yetu haibadiliki na msimu: ni saa 13 na kidogo, Ramadhani ije Januari au Julai. Wa Ulaya kaskazini majira ya joto hupita hata 18. Daku hukupa nguvu za saa chache za mwanzo. Baadaye ini hufungua ghala lake la sukari, gramu 100 hivi, sawa na kilokalori 400. Ghala hilo haliishi siku hiyo, lakini linapungua, na mafuta ya mwilini yanaanza kuingia zamu. Misuli nayo ina ghala lake, kubwa zaidi, ila ni mchoyo: sukari yake haitoki kwenda kwa jirani. Anayedai zaidi ni ubongo. Ni asilimia 2 ya uzito wako, unakula asilimia 20 ya nguvu zote za mwili uliopumzika, hata usipofikiria chochote cha maana. Ile hasira ndogo ya kabla ya adhana ya magharibi, basi, ina mwenyewe.

Kitambi cha miaka 40 hakitokani na "mwili kupoa". Mwaka 2021 Herman Pontzer na wenzake walikusanya vipimo vya watu zaidi ya 6,400 wa nchi 29, kuanzia wachanga wa siku 8 hadi wazee wa miaka 95. Ukishaondoa tofauti ya ukubwa wa mwili, matumizi ya mtu wa miaka 20 na wa miaka 60 ni yaleyale. Kushuka kunaanza baada ya 60, polepole, chini ya asilimia 1 kwa mwaka. Anayechoma kuliko wote ni mtoto wa mwaka mmoja: asilimia 50 zaidi ya mtu mzima. Kwa hiyo shemeji, mishikaki na ndizi za kukaanga ndizo za kuulizwa. Na mtoto anayelia njaa kila saa mbili hana tamaa.

Pontzer huyohuyo alikwenda kwa Wahadzabe, karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania. Wanaume wale hutembea kilomita 11 hivi kwa siku wakiwinda na kutafuta asali. Wote walitarajia wachome zaidi ya karani wa Marekani aliyekaa kitini. Matokeo ya 2012: hakuna tofauti, ukizingatia ukubwa wa miili. Mwili unaonekana una bajeti yake, ukitumia sana miguuni unabana kwingine. Kutembea kuna faida tele kwa moyo, lakini kitambi hakitoki kwa kutembea peke yake. Habari mbaya, najua.

Sokwe wa Bujumbura mnawakumbuka? Yatima waliookolewa, waliolelewa hapa mjini na taasisi ya Jane Goodall. Vita vilipoanza 1993 walihamishwa makundi kwa makundi hadi Sweetwaters, huko Ol Pejeta karibu na Nanyuki. Sokwe ni ndugu yetu wa karibu, lakini bajeti zetu ziko mbali: vipimo vya 2016 vinaonyesha kwamba mtu anatumia kilokalori 400 zaidi kwa siku kuliko sokwe wa uzito kama wake. Ubongo ni ghali. Ndiyo maana pia tunaweka mafuta mwilini kuliko sokwe, hata tukikonda. Mwenye matumizi makubwa hakosi kibubu.

Je, wajua kwamba beseni la kichwani linaweza kubebwa bure? Nilipokuwa mdogo bibi alikuwa akitoka Buyenzi na beseni la ndagala kichwani, mikono yote miwili huru, akisalimiana na mtaa mzima bila kupungua mwendo. Mimi nilikuwa nyuma yake na kikapu cha limau, nahema. Nilidhani ni mazoea tu. Mwaka 1986 Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake, akiwemo Richard Taylor wa Harvard, waliandika katika Nature walichokiona: wanawake wa Kiluo, wabebao kwa kichwa, na wa Kikikuyu, wabebao kwa kamba ya kipajini, walitembea kwenye mashine wamevaa vinyago vya kupimia oksijeni. Mzigo ukifika asilimia 20 ya uzito wa mwili, matumizi yao hayakuongezeka hata kidogo. Kwa mama wa kilo 60 hizo ni kilo 12. Askari wenye mabegi mgongoni hulipa kwa kila kilo.

Ufafanuzi ulikuja 1995. Mtu anayetembea ni kama timazi lililopinduliwa: kila hatua mwili unapanda kidogo, unashuka, na nguvu ya kushuka inasaidia kusukuma mbele. Wengi wetu tunapoteza sehemu ya nguvu hiyo kila hatua. Wanawake wale, wakiwa na mzigo, walipoteza kidogo kuliko walipokuwa mikono mitupu! Niongeze haki ya upande wa pili: utafiti wa baadaye Afrika Kusini haukuikuta akiba hiyo kwa kila mbebaji, na shingo za akina mama zina malalamiko yao ambayo mashine ya oksijeni haipimi.

Tumalizie kwenye barabara ya Bugarama, kilomita 30 na kitu za kupanda kutoka joto la mjini hadi ukungu wa zaidi ya mita 2,000. Mwendesha baiskeli wa kilo 60 na baiskeli ya kilo 20, akijiinua mita 1,200 kwa miguu yake, anahitaji kilokalori 225 za kazi halisi. Misuli inalipa mara nne, kwa sababu robo tatu inapotea kama joto, kwa hiyo ni 900. Hiyo ni zaidi ya robo kilo ya maharage makavu. Sasa unaelewa kwa nini vijana wanashika nyuma ya malori wakipanda, na kwa nini wanaendelea ingawa wenzao wamekufa hapo. Wanahesabu maharage.

Kushuka ni hadithi nyingine. Anakuja na mikungu ya ndizi, tuseme kilo 80, na nguvu yote ya mlima inarudi ikimsukuma. Haiwezi kupotea, ni lazima iwe kitu, na kitu hicho ni joto: kwenye breki, kwenye matairi, kwenye upepo unaompiga usoni. Nimepiga hesabu mara mbili. Ni kilokalori 450, za kutosha kuchemsha zaidi ya lita 5 za maji ya chai kila safari. Akifika mjini anainunua chai kibandani, na anailipia.